Msumeno wa Mkono wa Kushoto

Obedi hakusema kwamba Antoni amekufa. Alisimama mlangoni mwa darasa la tano, Usagara, kofia mkononi, akaomba maji ya kunywa.

Mwalimu Selina alikuwa ubaoni akifundisha kugawanya kwa desimali. Ilikuwa Jumanne ya Kwaresima, mwaka 1997, jua bado halijawa kali. Alimjua Obedi, alikuwa jirani wa kaka yake Antoni kule Buhongwa, mtu wa maneno mengi na vicheko. Leo hakuwa na hata kimoja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Obedi. Kulikoni saa hizi?"

"Kwema tu. Antoni amezidiwa kidogo. Wamesema uje."

"Amezidiwa tangu lini?"

"Tangu alfajiri."

Selina alitazama nje kupitia bega lake. Baiskeli ya Obedi ilikuwa imeegemezwa kwenye mlingoti wa bendera, na juu ya keria ya nyuma kulikuwa kumefungwa mto, ule mto wa kitambaa cha maua wa kwenye kochi la Antoni. Mtu hafungi mto kwenye baiskeli kumpeleka dada kumwona mgonjwa wa malaria. Watu wa huku huficha msiba kwa maneno, lakini mikono yao huusema.

"Obedi," alisema, "nani amekupa huo mto?"

Obedi akafunika uso kwa kofia.

Chaki ilianguka. Mtoto mmoja wa dawati la mbele aliiokota na kumpa, na Selina aliipokea, akaendelea kuandika ile hesabu mpaka mwisho, akapiga mstari chini ya jibu. Kisha akawaambia watoto wasimame, wasali Baba Yetu. Walisali. Yeye hakuweza kufika kwenye "utusamehe".

Alijua tangu Jumamosi kwamba Antoni ana homa. Alipanga kwenda Ijumaa, baada ya kusahihisha madaftari. Njia nzima kutoka Usagara, amekaa kwenye mto ule, malori yakiwapita kwa vumbi, alikuwa akibadilisha mkono wa kushikilia keria, wa kulia, wa kushoto, wa kulia tena, mpaka Obedi akasema, "Mwalimu, tulia, utatuangusha." Lakini hakuwa akiwaza Ijumaa. Alikuwa akiwaza karatasi.

Karatasi hiyo ilikuwa ndani ya kitabu chake cha sala, na kitabu kilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba ulikuwa mapajani mwake.

*

Antoni alizaliwa Nansio, kisiwani Ukerewe, wa kwanza katika nyumba ya mpasua mbao. Baba yao alipasua kwa msumeno wa shimo: gogo linawekwa juu ya shimo, mtu mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anashuka chini, wanavutana. Wa juu ndiye anayeongoza mstari. Wa chini anavuta tu, na unga wa mti unamwangukia machoni, puani, kwenye shingo. Antoni alitolewa shule darasa la nne akashushwa shimoni. Alikaa humo miaka saba. Selina, mdogo wake, alisoma mpaka kidato cha nne kwa zile mbao, na kila aliporudi likizo alimkuta kaka yake na nyusi nyeupe kama mzee.

"Nikipata mji," Antoni alikuwa akisema, "sitakaa tena chini ya mbao."

Akaupata mji. Alivuka kwenda Mwanza, akajifunza useremala kwa watu, akafungua karakana yake Buhongwa kando ya barabara ya Shinyanga, akaoa Rebeka. Wakati huo fundi mwenzake, Masele, alikuwa tayari naye. Masele alikuwa Msukuma wa hapohapo, mrefu, mwenye kejeli, mwenye jicho la kunyoosha ubao kuliko rula. Walifanya kazi pamoja kwa randa na msumeno wa mkono, na walipopumzika waligombania ubao wa bao.

Lakini Antoni hakuwa mtu wa kupumzika. Alikula amesimama. Katikati ya misa goti lake lilikuwa likicheza mpaka Rebeka analibana kwa mkono. Na ulipofika wakati wa biashara huria, watu wa viwanda vya minofu ya sangara wakawa wanataka mbao za makasha na za mitumbwi, na wanazitaka jana, Antoni akaanza kuota msumeno wa meza.

Alikuwa ameuona mmoja mjini, kwenye duka la Mhindi, wa kijani, mpya, una kila kitu chake. Alikwenda kuutazama mara tano. Mara ya tano mwenye duka alimwuliza kama amekuja kuuposa. Bei yake haikuwa ya mtu kama yeye. Wakati huohuo kiwanda cha kuchambulia pamba kilichokuwa cha ushirika kilifungwa, na vitu vyake vikauzwa kimoja kimoja, kuanzia mizani hadi milango. Antoni alirudi nyumbani na mota kwenye mkokoteni, Masele akisukuma nyuma, wote wawili wakiimba.

"Wifi," Rebeka alimwambia Selina Pasaka ile, "kaka yako ameoa mke wa pili. Analala naye uani, anampaka grisi."

Meza aliitengeneza kwa mlango wa chuma wa kiwanda kilekile. Shafti na beringi alichongewa na fundi wa mjini. Diski ya msumeno aliipata kwenye vyuma vya mitumba, pana kama sinia, ya Ulaya, imeandikwa maandishi madogo kuzunguka tundu la katikati. Hapo ndipo alipokwama. Hakujua kusoma Kiingereza. Akayanakili maandishi yote kwa penseli, herufi kwa herufi, kwenye karatasi ya daftari, akampa mtu aliyekuwa akienda Usagara: mpe dada, aniambie yanasema nini.

Karatasi ilimfikia Selina akiwa na madaftari themanini mezani. Alisoma mstari wa kwanza. Lilikuwa jina la kiwanda. Hakusoma wa pili. Akachukua kipande kingine cha karatasi na kuandika: "Ni matangazo ya kiwanda tu, kaka. Endelea na kazi." Akaitia ile ya penseli ndani ya kitabu cha sala, kuweka alama ya ukurasa.

Antoni akaendelea na kazi. Puli, yale magurudumu ya mkanda, alizifunga kama kila mtu wa huku anavyojua mashine, yaani kama baiskeli: kubwa kwenye mota, ndogo kwenye shafti ya diski, ili ipate mbio. Siku ya kuuwasha, nusu ya Buhongwa ilikuja. Diski ilipiga mluzi, watu wakapiga makofi. "Hiyo sasa ndiyo mashine!" Obedi alipaza sauti. Mluzi ule ulikuwa sauti ya chuma kinachozungushwa kupita uwezo wake, lakini pale hakuna aliyejua, na aliyeweza kujua alikuwa Usagara.

Ulifanya kazi miezi minane. Mwaka 1994, asubuhi moja, Masele alikuwa akisukuma ubao wa mninga. Diski ikatetemeka, ikaubana ubao, ikaurusha nyuma hadi ukatoboa ukuta wa udongo, na mkono uliokuwa ukiusukuma ukaingia mbele bila ubao. Masele alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati.

Siku ya pili Antoni alifika Usagara na diski imefungwa ndani ya gunia. Aliiweka juu ya meza ya dada yake.

"Nisomee yote," alisema.

Selina alisoma yote. Mstari wa pili ulisema mizunguko isizidi elfu tatu na mia sita kwa dakika. Ile yake, kwa puli zile, ilikuwa karibu elfu sita.

Kwa mara ya kwanza Selina aliliona goti la Antoni limetulia. Kisha akaifunga diski kwenye gunia lake.

"Kaka, nitakwenda kumwambia Masele. Ni mimi."

"Nikimwambia ni wewe, vidole vitaota?" alisema Antoni. "Wewe una watoto wa watu unawafundisha. Niachie mimi. Mashine ni yangu."

Naye alimwachia. Hilo ndilo lililokuwa likimfanya abadilishe mkono juu ya keria ya Obedi. Masele aliiona ile karatasi ikitumwa, akaona na jibu likirudi, na kwa akili yake aliunganisha: maandishi yalisomwa, fundi alijua, akanyamaza ili mbao za watu wa minofu zitoke haraka. Aliyasema hayo sokoni, kilabuni, mlangoni mwa kanisa. "Alijua. Alisomewa akajua." Hakurudi karakana. Alihamia Luchelele, mwaloni wanapoegesha wavuvi, akawa anatengeneza mitumbwi kwa tezo, kile kishoka cha kuchongea. Kila Jumapili baada ya misa Antoni alikwenda mpaka kule, akasalimia, akajibiwa salamu, akarudi. Miaka mitatu. Na Selina, akipita akamkuta Masele barabarani, alimwamkia, na Masele alimwitikia kwa heshima zote za mwalimu.

*

Msibani Buhongwa wanawake walikuwa wamekaa chini, Rebeka katikati yao amefungwa khanga kiunoni. Walilia pamoja. Baba mdogo Josephat, aliyetoka Nansio kwa meli ya juzi kuja kumwuguza, alimwita Selina pembeni.

"Mwanangu, mwili uko hospitali. Kesho misa asubuhi, kisha tunavuka, tunamzika kwa baba yake. Wewe ndiye uliyesoma. Utaandika wasifu wake."

"Ndiyo, baba."

"Ya vidole vya yule Msukuma usiyaweke. Watu wamekwisha sema vya kutosha."

Selina alikaa na kalamu, akasimama, akakaa upande mwingine. Aliandika "Marehemu alizaliwa" mara tatu kwenye karatasi tatu. Uani kulikuwa na zogo, akatoka kuona.

Ilikuwa juu ya jeneza. Rebeka alikuwa amesema hataki la kununua. Chini ya turubai kulikuwa na mbao za mvule za kutoka Ukerewe, nene, ambazo Antoni alizitunza miaka miwili bila kusema za nini, na Rebeka aliapa mumewe hatazikwa ndani ya kasha la mtu mwingine zikiwa zimelala pale. Kuzipasua kwa mkono ilikuwa kazi ya siku mbili. Mafundi watatu wa barabara ile walikuwa wamekuja kusaidia, na wote watatu walikuwa wamesimama mbali na msumeno.

"Shida nini?" Selina aliuliza.

"Umekaa kinyume, mwalimu," mmoja alisema. "Swichi iko huku kusiko. Ubao wa kuongozea uko upande huu badala ya ule. Mtu ukisukuma, mkono unakwenda njia sio. Mimi nina vidole kumi, navitaka vyote."

"Marehemu alikuwa anautumiaje?"

"Polepole. Kwa tabu. Tulikuwa tunamcheka."

Selina aliujua msumeno ulivyobadilishwa baada ya ajali: puli mbili sawasawa, kikinga cha bati juu ya diski, kisu cha chuma nyuma yake cha kuzuia ubao usibane, kanyagio ya kuuzima kwa mguu. Hili la kinyume hakulijua. Kaka yake hakuwa mtu wa kushoto.

"Umeme unakuja saa nane," fundi alisema. "Ukija saa nane, saa kumi na mbili unakatwa. Ni mgao."

Ilikuwa saa tano. Selina aliingia ndani, akachukua mkoba wake, akamwambia Obedi atoe baiskeli. Hakumuaga baba mdogo.

*

Kule Luchelele, Masele alikuwa amepiga goti kando ya mtumbwi uliopinduliwa, tezo katika mkono wa kushoto.

"Shikamoo, kaka Masele."

"Marahaba. Aa, mwalimu wa Usagara leo amekanyaga mchanga wa samaki? Angalia viatu."

"Antoni amefariki."

Tezo ilisimama hewani, ikashuka taratibu juu ya mbao bila kukata.

"Lini?"

"Alfajiri ya leo. Malaria ilimpanda kichwani."

"Jumapili hakuja." Aliutazama mtumbwi. "Nilisema, ee, leo amechoka kunifuata. Poleni sana." Akainua tezo tena, akachonga kidogo, vipande viwili vitatu. "Kama umekuja kuniomba nije msibani nimsamehe mbele za watu, rudi tu. Nitakuja kuzika kama jirani. Zaidi ya hapo sina."

"Nimekuja na kitu."

Alifungua kitabu cha sala. Picha za watakatifu zikamwagika mchangani, Obedi akaziokota. Masele aliitambua karatasi kabla haijakunjuliwa.

"Hiyo ni penseli yake," alisema.

"Alinitumia nimsomee. Nilisoma mstari mmoja, nikamwandikia aendelee na kazi. Huu wa pili ndio uliosema isizidi kasi. Sikuusoma, Masele. Yeye hakujua. Aliambiwa na mimi siku ya pili, wewe uko hospitali."

Masele aliichukua karatasi kwa vidole vitatu. Hakuweza kuisoma, lakini aliitazama muda mrefu, mstari wa kwanza, mstari wa pili.

"Mwaka wa tisini na nne," alisema.

"Ndiyo."

"Miaka mitatu namwita mtu yule muuza mkono wangu, mpaka watoto wake wanageuka njia wakiniona. Na wewe unapita, shikamoo kaka Masele."

"Ndiyo."

"Na yeye anakuja hapa kila Jumapili, anasimama pale, hujambo Masele, sijambo, anakwenda. Alikuwa anakuja kufanya nini kama hasemi?" Sauti ilimpanda. Wavuvi walikuwa wamegeuka. "Si angesema! Mjinga wewe, Antoni! Si ungesema!"

Alitupa tezo. Selina alisimama pale pale.

"Sikuombi unisamehe leo," alisema.

"Usiniombe. Sina ya kukupa leo." Masele alijipangusa uso kwa mkono ule mbovu. Alikwenda mpaka majini, akarudi. Akakaa juu ya mtumbwi, akasimama. Mwishowe akauliza, bila kumtazama, "Jeneza anatengeneza nani?"

"Hakuna. Mafundi wanauogopa msumeno. Wanasema umekaa kinyume."

"Kinyume vipi?"

"Sijui. Kama wa mtu wa kushoto."

Masele aliuangalia mkono wake wa kulia, akauangalia wa kushoto. Akaokota tezo, akaifuta mchanga, akatangulia njia.

*

Waliufikia uwanja wa nyumba saa nane kasoro dakika chache. Waombolezaji waligeuka walipomwona Masele. Baba mdogo Josephat alisimama, lakini Rebeka akamshika kanzu, naye akakaa.

Masele aliuzunguka msumeno mara moja. Aligusa kikinga. Aligusa kile kisu cha nyuma. Kwenye mguu wa meza, upande wa kushoto, palikuwa na msumari, na kwenye msumari kimening'inizwa kijiti cha kusukumia mbao, kimechongwa mpini. Alikishika kwa mkono wa kushoto. Vidole vyake vilikaa ndani ya mpini ule, kila kimoja mahali pake. Alikirudisha kwenye msumari, akakichukua tena.

"Lini aligeuza hivi?" aliuliza.

"Mwaka ule ule," alisema Rebeka. "Nilimwambia unajitesa bure. Akasema anauzoesha."

Umeme ukaja; taa ya barazani ikawaka. Masele akabonyeza swichi. Hakukuwa na mluzi, ila mvumo wa chini, wa kutulia. Akaulaza mvule wa kwanza, akasukuma kwa kushoto, ule mkono wa kulia ukiwa umekaa salama ubavuni mwa ubao. Unga ulimwagika chini ya meza, mbali na uso wa mtu. Mbao kumi na moja. Alipomaliza aliuzima kwa mguu, akaomba randa, na wale mafundi watatu wakasogea.

Selina alikwenda barazani akaandika wasifu mara moja tu, bila kufuta. Alipofika mahali pa vidole, aliandika.

*

Jumatano padre alisoma misa Buhongwa saa moja asubuhi, kisha wakavuka na jeneza mpaka Nansio. Ziwa lilikuwa na mawimbi kidogo. Masele, ambaye alichonga mitumbwi lakini hakupenda maji, alikaa safari yote amelishika jeneza kwa kamba.

Kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya la baba yao, hatua chache kutoka lilipokuwa shimo la kupasulia mbao, ambalo sasa lilikuwa limefukiwa na kupandwa mihogo. Katekista aliongoza sala. Selina akasoma wasifu. Alisoma kuzaliwa, shule, shimo, Mwanza, ndoa, watoto wanne. Kisha akasoma: "Mwaka 1994 ndugu Masele aliumia kwenye msumeno wa marehemu kwa sababu mimi, dada wa marehemu, nilimwambia kaka yangu, bila kuyasoma yote, kwamba maandishi ya msumeno hayana maana. Marehemu hakujua. Alipojua, alinyamaza kwa ajili yangu." Baba mdogo alikuwa akitazama chini. Rebeka alimtazama Selina mara moja, kisha akageuza uso, na hakumsemesha mpaka siku walipovuka kurudi.

Jeneza lilishushwa kwa kamba mbili. Mjane alitupa udongo wa kwanza, wakafuata watoto, wakafuata ndugu. Masele alitupa wa kwake kwa mkono wa kulia, ukapenya kati ya vidole kabla haujafika. Akachota mwingine. Baadaye alichukua sepetu pamoja na vijana wa kijiji na kufukia mpaka mwisho. Waliimba nyimbo tatu. Msalaba ulikuwa wa mvule, jina limechongwa kwa patasi. Saa kumi walinawa mikono kwenye beseni lililowekwa njiani, wakaingia nyumbani kula.